Luyten 726-8: hesabu yangu inatoa majua manane. Nimekosea wapi?

DaftariLaStoo aliandika:

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtunza stoo. Kazi yangu ni kuhakikisha kilichoandikwa kwenye daftari ndicho kilichopo kwenye rafu, na hesabu isipolingana silali. Nawaambia mapema ili mjue kwa nini kitu kidogo namna hii kimenikosesha usingizi wiki mbili.

Nina darubini ya kioo cha milimita 150. Nilipochoka kurudia pete za Zohali na mashimo ya Mwezi, nilijiwekea mpango: nitazame nyota zote zilizo ndani ya miaka nuru kumi ambazo kioo changu kinaweza kuzifikia. Ndipo kwenye orodha nikakutana na Luyten 726-8, katika kundinyota la Nyangumi (wengine huliita Ketusi). Umbali wake ni miaka nuru 8.8 hivi. Sirius iko 8.6, kwa hiyo hawa ni majirani wa umbali mmoja. Lakini Sirius mtoto mdogo atakuonyesha kwa kidole, wakati hii nyingine ni nyota mbili kwa pamoja na bado bila darubini huoni kitu. Moja ina mwangaza wa 12.5, ya pili 13 hivi, na jicho tupu linaishia kwenye 6. Namba ikipanda nyota inafifia, kwa hiyo ile inayong'aa zaidi kati ya hizo mbili iko chini ya uwezo wa jicho mara 400.

Hapo nikataka kujua: kitu kilicho karibu hivi na bado hafifu hivi, kina uzito gani? Nikachukua kanuni ya Kepler. Umbali wa wastani kati ya nyota mbili unaupiga kwa wenyewe mara tatu, miaka ya kuzungukana unaipiga kwa yenyewe mara mbili, cha kwanza unagawa kwa cha pili. Jibu ni masi ya zote mbili, Jua likiwa 1.

Nilichonacho kwenye daftari:

Umbali kati yao: sekunde 2.05 za tao (sekunde ya tao ni pembe, sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja)
Muda wa kuzungukana: miaka 26.4
Umbali kutoka kwetu: 8.8

2.05 × 8.8 = 18.04
18.04 kwa yenyewe mara tatu = 5,871
26.4 × 26.4 = 697
5,871 ÷ 697 = 8.4

Majua manane na ushei! Sirius yenyewe, kwa kung'aa kote kule, ni majua mawili tu. Nimerudia kwa kalamu, nikarudia kwa kikokotoo, nikampa mtoto wa dada yangu aliye sekondari naye akapata 8.4. Sasa aidha Kepler ananidanganya, aidha kuna mzigo umefichwa mahali.

La pili. Nimesoma kwamba moja ya hizi mbili, inayoitwa UV Ceti, huwa inalipuka kwa mwanga ghafla, na kwamba mwaka 1952 iling'aa mara 75 ndani ya sekunde 20. Nimeikalia usiku 12, kila usiku si chini ya saa nzima, na kile kinukta changu hakijatikisika hata kidogo. Je, nina bahati mbaya au kioo ni kidogo?

La tatu ni dogo. Naona nukta moja tu, si mbili. Ni kawaida?

---

MzeeWaParalaksi alijibu:

Mkuu, kuzidisha kwako hakuna kosa, na mpwa wako apewe maksi zake. Kosa liko kwenye vipimo. Umepokea mzigo kwa ratili ukauandika kwa kilo.

Kanuni uliyotumia inataka umbali kati ya nyota uwe kwa kizio astronomia, yaani umbali wa Dunia na Jua uhesabiwe kama 1. Wewe una pembe, sekunde 2.05 za tao. Pembe ukiizidisha kwa umbali unapata urefu, sawa, lakini ili jibu litoke kwa kizio astronomia lazima umbali uwe kwa parseki, si kwa miaka nuru. Parseki ilitungwa hivyo makusudi: ukiwa mbali parseki moja, pengo la Dunia na Jua linaonekana kama sekunde moja ya tao. Ndiyo maana sisi tunaopima paralaksi, yaani kule kuyumba kidogo kwa nyota kunakotokana na Dunia kulizunguka Jua, hatuna haja na miaka nuru. Hiyo ni lugha ya kuwasimulia wageni.

Parseki moja ni miaka nuru 3.26. Kwa hiyo 8.8 yako ni parseki 2.70. Rudia sasa:

2.05 × 2.70 = 5.53
5.53 kwa yenyewe mara tatu = 169
169 ÷ 697 = 0.24

Masi ya nyota zote mbili kwa pamoja ni chini ya robo ya Jua. Na tazama jinsi kosa dogo lilivyozaa: ulikosea mara 3.26 tu, lakini kanuni inaupiga umbali kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo jibu likavimba karibu mara 35. Kwenye hesabu za nyota pacha hapa ndipo watu wengi huumia. Ukikosea umbali kwa asilimia 2, masi inakosea kwa asilimia 6. Ukikosea miaka ya mzunguko kwa asilimia 2, unaumia kwa 4.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza lakini lipo ndani ya ile 2.05. Huo si umbali unaouona usiku wa leo. Nyota hizi hazizungukani kwa duara bali kwa duaradufu iliyovutika sana, na duaradufu yenyewe tunaitazama kwa mshazari, kama sahani iliyoinamishwa. Wapimaji huchukua nafasi za miaka na miaka, wanaunyoosha mshazari, ndipo wanapata 2.05 kama nusu ya urefu wa duaradufu. Kwa vizio astronomia, zikikaribiana kabisa zinafika 2.1 hivi, zikiachana zinafika karibu 8.9. Ingekuwa ni kwetu, nyota ya pili ingetoka nje kidogo ya njia ya Mirihi, ikaenda hadi karibu na njia ya Zohali, kisha ikarudi, yote kwa miaka 26.

Hapo jibu la swali lako la tatu limekwisha kupatikana. Zilikaribiana mwaka 1998 hivi, na ukijumlisha miaka 26 unaona tuko kipindi gani. Pengo likiwa chini ya sekunde moja ya tao, na nyota zenyewe za mwangaza wa 12 na 13, kioo cha milimita 150 hakiwezi kuzitenganisha. Nukta moja ni sahihi.

---

DaftariLaStoo aliandika:

Mzee, nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Ratili na kilo! Mimi ambaye nimewahi kumrudishia dereva lori zima kwa sababu karatasi yake ilisema katoni na yeye kaleta vipande.

0.24 nimeiandika kwa wino. Lakini mnanijua sasa. Stoo ikiniambia mizigo miwili ina jumla ya kilo 24, nitauliza kila mmoja una kilo ngapi. Kanuni inatoa jumla tu. Nani aliyegawa, na kwa mizani gani?

---

NuktaMbili alijibu:

Hapo umegusa utamu wenyewe. Mizani ipo, tena ni ile ile ya sokoni, ya mkono mmoja hapa na mkono mwingine pale na msumari katikati.

Nyota mbili hazizungukani moja ikiwa imesimama. Zote zinazunguka nukta ya katikati ya uzito. Nyota nzito inakaa karibu na nukta hiyo na kuzunguka njia ndogo, nyepesi inakaa mbali na kuzunguka njia kubwa. Ukipima ukubwa wa njia ya kila moja, sio moja kuhusiana na nyingine bali kila moja kuhusiana na nyota za mbali sana nyuma yake ambazo hazisogei, unapata uwiano wa masi. Jumla unayo, uwiano unao, kazi imekwisha.

Kwa jozi hii njia mbili hizo zinakaribia kulingana. Mwaka 2016 timu iliyotumia darubini kubwa za Paranal kule Chile ilitoa 0.1225 kwa BL Ceti (ndiyo ile nyingine ya jozi) na 0.1195 kwa UV Ceti, kila moja ikiwa na shaka ya 0.004 hivi. Yaani mizigo yako miwili ni kilo 12 na ushei na kilo 12 kasoro. Shaka ni kubwa kuliko tofauti, kwa hiyo usishangae ukikuta jedwali jingine lenye namba zinazocheza kidogo.

Ila upimaji huu una kikwazo. Hizi nyota zenyewe zinakimbia angani kwa kasi ya kutisha, sekunde 3.4 za tao kila mwaka. Kwa hiyo kila nyota unaiona ikichora mstari unaoyumba kama mlevi: mwendo wa pamoja wa mfumo mzima, juu yake mzunguko wa miaka 26, na juu yake tena kule kuyumba kidogo kwa kila mwaka kunakotokana na Dunia yetu kulizunguka Jua. Hiyo ya mwisho ndiyo paralaksi inayotupa umbali. Mikunjo mitatu kwenye uzi mmoja, na inabidi uifumue yote.

Kwa kweli ni ule mwendo wa kukimbia uliozifichua. Willem Luyten alizipata mwaka 1948 wakati akikusanya nyota zinazosogea haraka. Kazi hiyo ni ya kulinganisha picha mbili za anga ile ile zilizopigwa kwa miaka tofauti, na kutafuta kinukta kimoja kati ya maelfu ambacho kimehama. Na Luyten alikuwa na jicho moja. La pili alilipoteza mwaka 1925 kwa ajali ya mchezo wa tenisi. Mimi nina mawili na siku nyingine sioni miwani yangu iliyo kichwani.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa mizigo, nikupe na hili. Darubini za Paranal zilipounganishwa zikafanya kazi kama moja, zilipima hata upana wa nyota zenyewe, kitu ambacho ni kidogo kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao. Nusukipenyo kilitoka 0.165 na 0.159 ya Jua. Sasa chukua masi 0.12, igawe kwa 0.16 iliyopigwa mara tatu, uzidishe na msongamano wa Jua ambao ni kilo 1.4 kwa lita.

---

DaftariLaStoo aliandika:

Subiri.

0.16 kwa yenyewe mara tatu = 0.0041
0.12 ÷ 0.0041 = 29
29 × 1.4 = 41

Kilo 41 kwa lita moja?? Zebaki ni 13.5. Risasi ni 11. Dumu la lita 20 la hii nyota lina kilo 800! Na bado ni gesi?

---

NuktaMbili alijibu:

Huo ni wastani, na kitovuni ni zaidi ya hapo. Ndiyo, ni hidrojeni na heliamu karibu yote, iliyobanwa na uzito wake yenyewe. Kwa upana inaizidi Mshtarii mara moja na nusu hivi tu, lakini ndani yake wamejazwa Mshtarii zaidi ya 120.

Cha kushangaza ni kwamba vipimo vile vya 2016 vilionyesha nyota hizi zimevimba. Vipenyo vyake ni vikubwa kuliko nadharia inavyotaka kwa nyota ya masi hiyo, kwa asilimia 12 hadi 14. Kwa hiyo hizo kilo 41 zako ni za nyota iliyofura. Ingekaa kama vitabu vinavyosema ingekuwa nzito zaidi kwa lita.

---

Mpitanjia_07 alijibu:

Naingilia kati kidogo. Hiyo milipuko ya mwanga si inatokea zile nyota zinapokaribiana? Zinavutana, gesi inamwagika kutoka moja kwenda nyingine, inawaka. Ndiyo maana jamaa hajaona kitu, labda bado hazijasogeleana vya kutosha.

---

NuktaMbili alijibu:

Hapana ndugu, ingawa kwa nyota pacha za aina nyingine usemacho ni kweli kabisa. Ziko jozi zinazozungukana kwa saa chache, zikiwa karibu kugusana, na gesi humwagika kama ulivyosema. Hizi haziko hivyo. Zikikaribiana kabisa bado kuna pengo la vizio astronomia 2.1, zaidi ya kilomita milioni 300, na kila nyota ina upana wa kilomita laki mbili na kitu. Ni kama punje mbili za mtama zilizoachana hatua kadhaa. Zinachohisi ni mwendo: zikipishana karibu zinakwenda kilomita 13 kwa sekunde, zikiwa mbali zinajikokota kwa 3. Kumwagika hakuna.

Na mimweko haisubiri miaka 26. Inatokea wakati wote, na kwenye nyota zote mbili, ila UV Ceti ndiyo mkorofi zaidi.

Chanzo ni sumaku. Nyota ndogo hivi inachemka kutoka kitovuni hadi usoni kama chungu kimoja cha uji. Haina tabaka la ndani lililotulia kama la Jua. Halafu inajizungusha kwa kasi ya ajabu. Jua letu linajigeuza mara moja kwa siku 25 hivi. UV Ceti inatumia saa 5 na nusu pungufu kidogo, BL Ceti saa 6 kasoro. Uji unaochemka huku chungu kinazungushwa hivyo unazalisha uga sumaku wenye nguvu kuzidi ule ulio ndani ya madoa meusi ya Jua, tena umetanda uso mzima. Nyuzi za sumaku zinasokotana, zinakatika na kujiunga upya, na nishati inayotoka inapasha gesi joto hadi nyuzi elfu kumi hivi, wakati uso wa kawaida ni chini ya elfu tatu. Ndiyo maana mmweko ni wa rangi ya samawati juu ya nyota nyekundu. Ukipima kwa kichujio cha urujuanimno unaona nyota imepanda mara nyingi sana. Ukipima kwa kichujio chekundu mlipuko huo huo hauonekani kama kitu.

Lakini kuna jambo ambalo binafsi ndilo linaniweka macho. Nyota mbili zimezaliwa pamoja, zina masi karibu sawa, zinajizungusha karibu sawa. Ungetarajia sumaku zake zifanane. Vipimo vya mwaka 2017 vilionyesha hazifanani hata kidogo: uga mkuu wa UV Ceti umepangika vizuri, una ncha mbili kama sumaku ya kawaida, na ni wenye nguvu, wa BL Ceti ni dhaifu na umevurugika. Mapacha wa tumbo moja, mmoja katulia foleni na mwingine kila nywele inaelekea kwake.

---

Mpitanjia_07 alijibu:

Nimekuelewa, ahsante kwa kuninyoosha. Ile picha ya gesi kumwagika nimeiona mara nyingi nikadhani ni ya nyota pacha zote.

---

MzeeWaParalaksi alijibu:

NuktaMbili kaongea mengi mazuri lakini wote mmepita mlangoni bila kubisha. DaftariLaStoo kasema usiku 12, saa nzima kila usiku, kinukta hakijatikisika. UV Ceti hainyamazi hivyo kwa urahisi. Mmweko wa kuongezeka kidogo unaweza kukupita kwa jicho, sikatai, hasa kwa kuwa mwanga wa BL Ceti umechanganyika humo humo na unapunguza tofauti. Lakini saa 12 jumla, na hata wasiwasi hujapata?

Swali langu: ramani uliyotumia ina nafasi za nyota za mwaka gani?

---

DaftariLaStoo aliandika:

Imeandikwa 2000. Kwani nyota zinahama stoo?

Nafasi niliyoinakili ni saa 1 dakika 39, nyuzi 18 kusini kasoro kidogo. Nilianzia kwenye Tau Ceti ambayo inaonekana kwa macho, nikashuka nyuzi mbili na robo hivi kuelekea kusini-magharibi. Kwenye alama yenyewe palikuwa patupu, kwa hiyo nikachukua nyota hafifu iliyokuwa karibu zaidi na alama. Nilidhani aliyechora mkono ulimtetemeka.

---

MzeeWaParalaksi alijibu:

Mkono haukutetemeka. Hii inahama.

Umesomewa hapo juu: sekunde 3.4 za tao kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 25 na kitu iliyopita tangu 2000. Unapata karibu sekunde 85 na zaidi, dakika moja na nusu ya tao. Mwelekeo wake ni mashariki, na kaskazini kidogo sana. Kwa nyota za kawaida ramani ya mwaka 2000 haina tatizo lolote, kwa hii ni sawa na kumtafuta mtu kwenye nyumba aliyokwisha kuhama.

Tafadhali rudi ukaangalie upande wa mashariki wa alama yako. Nyota mbili kwa pamoja zinatoa mwangaza wa 12 hivi, kioo chako kinaufikia bila kulazimisha. Kabla hujaanza kusubiri mmweko, chagua nyota tatu za jirani ambazo hazibadiliki: moja inayoizidi kidogo, moja inayolingana nayo, moja iliyo chini yake. Kila dakika mbili linganisha na uandike. Usiandike «inang'aa», andika «inalingana na ya pili». Ukiona imeizidi ya kwanza, tazama saa papo hapo, maana kupanda ni sekunde na kushuka ni dakika.

---

DaftariLaStoo aliandika (siku tisa baadaye):

Wakuu, nimerudi. Mawingu yalinikalia siku sita, usiku wa saba ndio anga likafunguka.

Mzee, nyota niliyoikalia usiku 12 haikuwa yenyewe. Nimeilinganisha na picha mpya ya anga: ni nyota fulani ya mbali huko nyuma, isiyo na habari na mtu. Nimemkagua mlinzi wa jirani siku zote hizo nikimdai mzigo ambao hakuupokea.

Yenyewe nimeipata mashariki ya alama, mahali hasa ulipotabiri. Wekundu wake siwezi kuapa kwamba nimeuona, pengine nilikuwa naujua tayari. Nukta moja, kama mlivyosema. Nimechagua nyota tatu za kulinganisha, nikazipa majina ya rafu: A, B, na C.

Usiku wa kwanza, dakika 70: muda wote inalingana na B.

Usiku wa pili, dakika 95: inalingana na B, isipokuwa saa 5:42 usiku nimeandika «kati ya A na B?» na alama ya kuuliza. Dakika mbili baadaye bado kati. Saa 5:50 imerudi B. Jicho langu la kulia lilikuwa linatoa machozi wakati huo kwa hiyo sijui kama nihesabu.

Naomba ushauri kwenye hili moja: kwenye daftari langu la kazi, kitu chenye alama ya kuuliza hakiingizwi mpaka mtu wa pili asaini. Huku kwenu mnafanyaje? Kuna mwingine yeyote aliyekuwa anaitazama usiku huo?

---

NuktaMbili alijibu:

Iingize, na alama ya kuuliza uiache hapo hapo, pamoja na ile habari ya jicho. Wanaokusanya mwangaza wa nyota hizi wanazipokea zenye shaka mradi shaka imeandikwa. Kupanda haraka na kushuka ndani ya dakika nane kuna sura ya mmweko mdogo, lakini wingu jembamba likipita juu ya B nalo lina sura hiyo hiyo. Uliitazama C wakati ule? Kama C nayo ilififia, ni wingu.

---

DaftariLaStoo aliandika:

Nimefungua daftari. Saa 5:44, pembeni, kwa mwandiko mbaya: «C ipo kama kawaida».

Leo usiku naanza saa 4.